Lantana ya Mlangoni

Mimi ni Caren, kitinda mimba, na familia imeniomba nisome wasifu huu wa Baba bila kulia, jambo ambalo siahidi. Baba yetu, Mzee Zadock Oluoch Obonyo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa karibu na Luanda Kotieno, chini ya kilima chetu, akasoma shule ya hapa kijijini hadi mwaka wa 1971, na Januari 1976 akaajiriwa kuwa mlinzi wa msitu wa kilimani, akawa anatembea mle kama mtu anayeota macho wazi, akisalimia migunga kwa majina aliyoipa mwenyewe.

Tarehe 8 Desemba 1984 alimwoa mama yetu, Seline Atieno, aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani kule Migosi, Kisumu, naye akaja na kitawi cha lantana, kichaka cha maua, ndani ya mkebe, akakipanda mlangoni, na Baba, kwa kupenda yale maua, akawagawia majirani vipande wapande kama uzio, kwa kuwa mbuzi hawayagusi majani yake. Walijaliwa watoto watatu, Griffins, Aoko na mimi.

Ndege walikula matunda wakapeleka mbegu kilimani, na kufikia 1998 lantana ilikuwa imefunika msitu, nyasi zikaisha, miche ya migunga ikakosa pa kuota, na ng'ombe walioila wakati wa kiangazi wakababuka ngozi. Baba aliing'oa kwa jembe miaka ishirini na sita, hata baada ya kustaafu 2016, lakini ile ya mlangoni iliyokuwa ikilisha ndege aliiacha, kwa sababu Mama alifariki tarehe 3 Mei 2003, na kila asubuhi aliketi kando yake, akasema harufu ile ni Mama anapita. Aliona aibu kuiacha, na alimpenda Mama.

Agosti mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akalazwa Kisumu, akafariki Jumapili tarehe 2 Februari 2025, saa mbili asubuhi. Siku mbili kabla aliniambia, "Caren, hiyo maua ya mama yako sasa toa. Toa na mizizi." Kisha akafumba macho, akasema nyasi za kilimani zimefika magotini na Mama anatembea ndani yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta viti na sufuria, na wenzake wa msituni, waliokuja jana na majembe bila kuitwa. Tulichimba hadi jioni, na mikono inayoshika karatasi hii bado inanuka majani yale.

Baba, tumetoa na mizizi. Lala sasa.