Kashindye Malimi, Aliyeacha Bangi Ugonjwa Ukabaki

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Pasiansi na wa hapa Usagara, poleni kwa msiba na poleni kwa safari. Mimi ni Odeta, dada yake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake. Tumekubaliana yasomwe yote, maana mwenyewe hakuwa mtu wa kuficha.

Marehemu Kashindye alizaliwa hapa Usagara tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Malimi Shigela na Mama Wilhelmina. Alibatizwa mwaka huohuo.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1974 hadi 1980. Darasani alikuwa wa katikati, ila kitu chochote chenye skrubu hakikupona mikononi mwake mpaka akione kwa ndani. Mwaka 1982 alihamia Pasiansi, kwa dada yetu Rebeka, akajifunza ufundi wa injini mjini Mwanza.

Mwaka 1985 aliajiriwa katika karakana ya vyombo vya majini ya shirika moja la umma. Alifanya kazi hiyo kwa bidii mpaka 1992, shirika lilipopunguza wafanyakazi, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Ilikuwa miaka ile ya sangara, viwanda vya minofu vikifunguliwa ufukweni, na fundi wa injini za boti hakukaa bure. Alichukuliwa na mfanyabiashara aliyekusanya samaki visiwani.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 1 Septemba 1990, huko Musoma, na Roza Akumu, binti wa Mzee Okomo. Gari la bwana harusi liliharibika Bunda. Dereva alikata tamaa. Kashindye akavua koti, akaingia chini ya gari. Walifika kanisani wamechelewa, mikono yake myeusi hadi viwikoni. Mzee Okomo akauliza, “Bwana harusi ni yupi, na fundi ni yupi?” Kashindye akajibu, “Shikamoo, Baba. Leo umepata wote wawili.” Mzee alicheka, na tangu siku hiyo alimpenda. Mungu aliwajalia watoto wawili, Dorotea na Ngosha.

Huko visiwani ndiko marehemu alikoanza kuvuta bangi. Yeye na wenzake walivuta jioni, baada ya kazi, kwa ajili ya kuchangamka. Hakuwa mwizi wala mlevi, na pesa za nyumbani zilifika. Roza alipomkanya alisema, “Mama Dorotea, haya ni majani tu. Wenzangu wote wanavuta.” Hilo lilikuwa kweli.

Ugonjwa ulianza mwaka 1994. Alikuwa akiletewa injini nzima kabisa, naye anaifungua yote na kuitandaza chini. Mwenye boti akamuuliza, “Kashindye, imeharibika nini?” Akasema, “Haijaharibika. Kuna watu humu ndani wananitukana.” Hata pasipo na injini inayonguruma, bado aliwasikia. Akaacha kula chakula alichopika mkewe, akidai kina sumu, na akawa hapati usingizi.

Tulihangaika. Wengine tulisema amerogwa, tukampeleka kwa waganga. Wengine wakasema, “Ni bangi tu hiyo, akiacha atapona.” Mwishowe alilazwa hospitali. Roza akamuuliza daktari, “Walivuta pamoja, msokoto mmoja. Mbona wenzake wazima?”

Daktari alijibu, “Mama, wengi wanavuta na hawafiki hapa. Wachache akili zao hazihimili, na hatuwezi kuwajua mapema. Kuna ndugu aliyewahi kuugua hivi?”

Tukatazamana. Baba mdogo Chenge, Mungu amrehemu, alikuwa akizunguka barabarani akibishana na watu wasioonekana. Hakuna aliyewahi kumtaja mbele ya watoto.

Daktari akasema, “Basi siwezi kuapa kwamba ni bangi peke yake. Pengine angeugua hata bila hiyo. Ila kwa mtu wa damu hii, bangi ni kumwagia moto petroli. Aiache kabisa. Kupona kabisa siahidi.”

Marehemu aliiacha mwanzoni mwa 1995 na hakuirudia tena. Tunalisema hili kwa heshima yake. Tukakaa tukingoja apone. Mwaka ukaisha, na mwingine. Dawa zilituliza zile sauti, lakini zilimtetemesha mikono hata akashindwa kushika nati ndogo. Alikuwa anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Mwaka 1997 aliziacha dawa kwa siri ili arudi kazini. Ugonjwa ulirudi kwa nguvu, akawafukuza mkewe na watoto kwa panga, asijue anamfukuza nani.

Roza aliwapeleka watoto Musoma. Alipoaga alimwambia Mama Wilhelmina, “Mama, simkimbii Kashindye. Naukimbia ugonjwa wake.” Mama akamjibu, “Nenda, mwanangu. Mimi nitabaki naye.” Akahama hapa Usagara, akaenda kukaa kwa Kashindye kule Pasiansi ili ampe mwanawe dawa kwa mkono wake. Wanaomsema Roza pembeni, familia inawaomba waache. Kila likizo aliwaleta watoto wamwone baba yao.

Mwaka jana vijana wanaovuta pale ufukweni walimkaribisha. “Kaka, vuta moja, mawazo yaishe.” Akakaa nao, akasema, “Mimi nimeacha mwaka wa nne huu. Zile sauti hazijaacha. Nyie hamjui nani kati yenu ni kama mimi, na mimi nilikuwa sijui.” Wengi walicheka. Mmoja wao, Pius, aliacha. Wengine wanaendelea na ni wazima, nasi hatuwaombei mabaya.

Mwezi uliopita marehemu alishikwa na nimonia. Alilazwa, akafariki Jumatano asubuhi, tarehe 9 Juni 1999. Siku moja kabla, Mama alimuuliza, “Leo wanakusumbua?” Akasema, “Hapana, Mama. Wamechoka. Nawe nenda ukalale, umechoka.” Mama hakwenda.

Marehemu ameacha mama, Mama Wilhelmina. Mjane, Roza Akumu. Watoto wawili, Dorotea na Ngosha. Dada wawili, Odeta na Rebeka. Na kaka mmoja, Shigela. Tunawashukuru wauguzi, jumuiya ya Pasiansi, na kila aliyemsalimia njiani kwa jina lake.

Mwenyezi Mungu ampe Kashindye pumziko ambalo sisi tulilitafuta tukashindwa kumpatia. Amina.