Mlango Mmoja wa Kijani

Benchi letu liko mbele ya duka la Kinyozi, upande unaopata kivuli kuanzia saa tisa. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na ukutani kuna misumari mitano, kila msumari na kikombe chake. Birika ni la Kinyozi, naye hukaa karibu na mlango ili mteja asimpite. Rula ni seremala. Hata ukimsalimia, kwanza anakupima. Breki ameendesha malori miaka thelathini, na mpaka leo akikaa, mguu wake wa kulia unatafuta kitu cha kukanyaga. Mimi ni fundi saa na redio. Sikufundishwa na mtu. Wananiita Kiberiti, na sababu utaiona mwenyewe. Kikombe cha tano ni cha Kanali, na kilikuwa na wiki mbili hakijaguswa.

Kosa ni langu, silifichi. Ujanani Kanali alikuwa fundi wa ndege za kivita. Ndege aliyoitunza ilikuwa na namba saba ubavuni, naye huitaja "Saba" tu, kama anayetaja mtoto wa dada yake. Aliniomba nimtengenezee mfano wake, wa kushika mkononi. Nikaingia kazini. Kiwiliwili nikakichonga kwenye bomba la maji, mabawa nikakata kwenye mifuniko ya ndoo, kioo cha rubani nikakitoa kwenye chupa ya plastiki iliyopashwa moto. Miezi minane. Tulipofika kwenye milango ya magurudumu, ile inayoyafunika ndege ikiwa angani, Kanali akasema ndege yote ni kijivu, ila mlango wa gurudumu la kushoto ni wa kijani. Mimi nilikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya Saba, milango yote kijivu. Nikamtandikia kalenda mbele ya watu: "Kijani kiko wapi hapa? Mzee mzima unatudanganya!" Akaweka kikombe chini, akavaa kofia, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Siku ninayoieleza, niliitoa ndege kwenye taulo nikaiweka benchini, katikati yetu.

Kinyozi: Ala! Kiberiti, ni mikono hii hii inayovunja vikombe vyangu?

Rula: Sogea nione. Umetumia kipimo gani?

Mimi: Moja kwa thelathini na mbili.

Rula: Basi ribiti zako, hizi pini za kubania bati, ni kubwa. Kichwa cha ribiti ya kweli ukikigawa kwa thelathini na mbili, hakifiki hata robo ya milimita. Hizi zako rubani angejikwaa.

Mimi: Nimezigandamiza kwa kigurudumu cha meno cha saa ya mkono, tena ya kike. Kidogo kuliko hicho sina. Wewe unacho?

Rula: Nasema tu.

Mimi: Sema ukiwa nacho.

Breki: Mimi naona matairi. Hii ndege ina tani ngapi?

Mimi: Kanali alisema saba na ushee, ikijazwa mafuta.

Breki: Tani saba, na matairi yamesimama mviringo kama machungwa! Lori likibeba mzigo, tairi linakaa. Linabonyea kidogo pale linapogusa chini. Hii yako imejaa upepo, mtu akipiga chafya inaondoka.

Alisema kweli. Nikatoa msasa mfukoni nikaanza kusugua palepale.

Kinyozi: Na kijivu kimekolea.

Mimi: Kijivu nimekilinganisha na kalenda!

Kinyozi: Tulia, ndugu yangu. Mtu akisimama ng'ambo ya barabara, nywele zake naziona zimefifia. Akija kukaa kitini, ndiyo naona weusi wake. Sasa hii ndege kwa udogo wake ni kama unaitazama kwa mbali. Rangi nayo ififie kidogo. Tia nyeupe tone moja.

Huyu anayesema haya hunyoa vichwa. Nimekaa na watu hawa miaka kumi na mmoja na bado wananishangaza. Nikatia nyeupe tone moja kwenye kopo langu la kijivu, nikajaribu kwenye bawa. Ikakaa sawa. Sikumwambia kitu, asije akavimba kichwa.

Breki: Na mlango?

Wakatazama pengo chini ya bawa la kushoto. Mlango wenyewe nilikuwa nao mkononi, mdogo kama ukucha wa kidole gumba.

Kinyozi: Paka kijani, bwana, yaishe. Mpelekee mzee, arudi tunywe kahawa.

Mimi: Sipaki. Picha inasema kijivu. Nikipaka kijani ili nimfurahishe, nitakuwa nimemdanganya kwa brashi. Hayo siyawezi.

Rula: Ila kumwita mwongo mbele ya watu uliweza.

Mimi: Rula, nitakumwagia hii kahawa.

Breki: Jamani, labda ni kweli. Labda kijani ni alama, kama vile msafiri anavyofunga kitambaa kwenye sanduku lake. Ndege zote kijivu, rubani atajuaje ya kwake?

Rula: Si ina namba saba ubavuni, kubwa kama mlango wa kabati?

Breki: Na kama kasahau miwani?

Kinyozi: Kasahau miwani, na anakwenda kurusha ndege ya kivita!

Breki: Mimi nimeendesha lori miaka minne bila kioo cha pembeni.

Kinyozi: Ndiyo maana tunakuita Breki. Sikilizeni, ile ilikuwa hila. Adui yuko chini, anatazama juu, anaona kijani, anadhani ni mti.

Rula: Mti unapita angani.

Kinyozi: Anasitasita! Akisema "hebu nitazame vizuri," Saba imeshapita.

Rula: Nyie wote hamjui. Saba zilikuwa mbili. Moja ya kazi, yenye kijani. Nyingine ya kupigwa picha tu, ndani haina hata injini. Wakubwa wakija, inasukumwa nje, inapigwa picha, inarudishwa chini ya turubai.

Breki: Na Kanali?

Rula: Kanali nao walikuwa wawili. Kwanza huyo wetu ni kanali wa wapi? Alikuwa fundi. Cheo kile alijipa lini?

Tukacheka. Kisha kila mmoja akatazama ule msumari wa tano, na kicheko kikatuishia mdomoni.

Hapo ndipo akatokea mke wa Kanali. Sisi wote tunamwita Shemeji. Si mtu wa kuja kijiweni. Akipita hutusalimia kutoka barabarani. Safari hii alikuja mpaka kwenye benchi.

Shemeji: Hamjambo hapa.

Kinyozi: Hatujambo, Shemeji. Karibu ukae. Mzee anaendeleaje?

Shemeji: Yupo. Kanituma nimchukulie kikombe chake.

Mtu hachukui kikombe chake pale ila amehama. Kinyozi alisimama polepole kuelekea ukutani, kama aliyeambiwa abomoe ukuta wenyewe. Shemeji akaiona ndege. Akaweka mikono nyuma, akainama, akaizunguka kwa macho kuanzia puani hadi mkiani.

Shemeji: Ndiyo hii?

Mimi: Ndiyo, Shemeji. Umebaki mlango mmoja.

Shemeji: Ni Saba ya siku gani?

Mimi: Niliianza miezi minane iliyopita...

Shemeji: Sikuulizi umeianza lini, shemeji yangu. Saba iliruka miaka. Hii uliyoitengeneza ni Saba ya siku gani?

Nikaikunjua kalenda. Mwaka upo, siku hakuna. Rula akaipindua kuangalia nyuma. Breki akakanyaga breki yake. Miezi minane nimehesabu ribiti, na swali hilo halikunijia hata mara moja. Nilidhani ndege ni ndege, leo na kesho.

Shemeji akakaa, mahali pa Kanali.

Shemeji: Hiyo picha ni ya siku ilipopokelewa, ikiwa mpya. Mlango wa kijani ulikaa asubuhi moja tu. Ule wa mwanzo ulipasuka ukingoni. Akaenda stoo, akapewa mwingine, una rangi ya chini tu, ile ya kijani ya kiwandani. Akaufunga mwenyewe. Muda wa kupaka kijivu kikauke haukuwepo, ndege inangojwa. Rubani alikuwa kijana, mtu wa utani. Akazunguka kuikagua, akainama, akauona. Akacheka, akamwambia, "Kanali, leo umenivalisha kiatu kimoja cha kijani."

Rula: Kumbe ni yeye...

Shemeji: Ni yeye aliyempa hilo jina. Kwa vile mume wangu alivyokuwa mkali juu ya ndege yake. Akamjibu, "Nenda salama. Ukirudi nitaupaka."

Hakuna aliyegusa kahawa yake.

Breki: Akarudi?

Shemeji: Kopo la kijivu na brashi aliviweka tayari kwenye ngazi. Alikaa navyo mpaka jioni.

Akanyoosha kitambaa chake magotini.

Shemeji: Waliochunguza ajali walisema ni injini, mlango hauhusiki kabisa. Walimwandikia barua, mimi ndiye ninayeitunza. Aliisoma mara moja tu. Na habari ya huo mlango, mimi mkewe alinisimulia mara moja, basi. Nilishangaa kusikia kwamba ninyi aliwatajia hapa, kwenye kahawa, kwa hiari yake.

Alisema bila kunitazama. Mimi nilikuwa nimeinama, natafuta ardhini kitu ambacho sikukidondosha.

Mimi: Shemeji, kijani chenyewe kilikuwaje?

Shemeji: Alisema si cha majani. Kina unjano ndani yake, kama ndizi inayokaribia kuiva.

Kinyozi akakimbilia ndani, akatoka na rangi ya kijani iliyobaki alipopaka mlango wa duka. Rula akaleta njano kutoka karakana yake. Nikachanganya juu ya mfuniko. Shemeji akawa anasema "bado... bado... hapo." Nikaupaka ule mlango, nikaubandika mahali pake, na Kinyozi akaukausha kwa mashine yake ya kukaushia nywele, ameishika mbali, kwa adabu, kama anayemkausha bibi harusi. Mteja aliyekuwa akisubiri zamu aliishiwa na uvumilivu, akaenda zake. Kinyozi hata hakugeuka.

Kisha akainamisha birika. Kahawa iliyosalia ilijaza kikombe kimoja. Hatukuulizana. Akaimimina yote kwenye kile cha Kanali, akakifunika kwa kisahani, akampa Shemeji.

Mimi nikabeba ndege. Na kopo langu.

Njiani nilipanga maneno mazuri sana. Yote yaliishia mlangoni. Kanali alikuwa sebuleni, mbele ya dirisha, kofia kichwani kana kwamba ana safari. Hakuniuliza nimefuata nini. Akaipokea ndege kwa mikono miwili.

Kanali: Matairi yamekaa.

Mimi: Ni Breki huyo.

Akaipindua chali. Akafika gurudumu la kushoto, na kidole chake kikasimama juu ya mlango bila kuugusa. Nikasikia saa yake ya ukutani, ile niliyomtengenezea mwaka juzi. Inachelewa kidogo. Hajawahi kuniambia.

Kanali: Hiki kijani umekipata kwa nani?

Mimi: Kwa mkeo.

Akamtazama mkewe, aliyesimama na kikombe. Mkewe hakukwepesha macho.

Mimi: Kanali, nilikuita mwongo.

Kanali: Uliniita.

Mimi: Nilikosea. Nisamehe.

Alitikisa kichwa kidogo, hata sikujua kama ni ndiyo au hapana. Nikatoa kopo la kijivu mfukoni, na brashi yangu nyembamba kuliko zote, nikaviweka mezani mbele yake.

Mimi: Imerudi, Kanali.

Alitazama kopo. Akatazama mlango. Nikadhani nimeharibu tena. Halafu akavua kofia, akaiweka gotini.

Kanali: Hebu nipeni miwani.

Mkewe alikuwa ameshaishika.