Karatasi ya Kung'oa Mfumo

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa kitandani, na wewe mwanangu mwalimu itie hiyo simu mfukoni, kwa sababu ninachotaka kusema sina pumzi ya kukisema mara mbili. Dada yako ametoka kwenye geti la soko, amewaacha wenzake wamekaa chini siku ya tatu leo ili kampuni isiingize tingatinga, na nguo zake bado zina vumbi. Mheshimu kwa vumbi hilo. Daktari ameshasema alichosema. Msiniambie nitapona. Akili zangu ninazo na hasira zangu ninazo, na ninawausia zote zikiwa bado zimekaa mahali pake.

Nianze na mali, maana ndiyo mnayoona aibu kuniuliza. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, vyumba vya mbele na kile cha uani, na asitokee wa kumhamisha mwenzake. Vitabu ni vya mwalimu, maana wewe binti yangu hujawahi kuvigusa ila ulipotaka kitu cha kuzuia dirisha lisigonge. Imebaki mashine ya chapa kule karakanani, na hiyo ndiyo mliyoigombania juzi hapo sebuleni mkidhani nimelala. Mwalimu anaitaka kwa gazeti la kikundi chake cha kusoma, binti anaitaka kwa kamati ya soko. Mmoja akasema mwenzake anahangaika na vijidai vya geti, mwingine akajibu kwamba vitabu vimemla ubongo. Nilisikia yote. Mtu mwenye kifua kama changu halali, anafumba macho tu.

Lakini kabla sijasema mashine ni ya nani, kuna jambo nimelikalia miaka thelathini na minane, na leo nalitoa.

Ninyi mlikuwa wadogo, mmoja akitambaa, kampuni ilipolitia kufuli bomba la mtaa huu. Bomba lile mama yenu na wanawake wenzake walilileta wenyewe: walichimba mtaro kwa majembe yao kutoka barabara kuu mpaka pale kona, wiki sita, viganja vimejaa malengelenge, halafu akaja mtu mwenye karatasi ya muhuri akasema bomba sasa lina mwenyewe. Basi wakapanga ndoo tupu barabarani, safu kwa safu, malori ya kampuni yasipite, na neno lao lilikuwa moja tu, Tupeni ufunguo. Na sisi je? Sisi kikundi chetu, wanaume saba na vitabu vyetu, tulikaa karakanani tukiwacheka. Tukasema hawa wanalilia ufunguo, hawajui kwamba tatizo si kufuli, tatizo ni ubepari. Na ilikuwa kweli, wanangu, mpaka leo ni kweli, hilo silifuti hata kwa kufa. Ila ukweli wetu hatukwenda nao kwenye ndoo. Tulikaa nao ndani mpaka siku ya kumi, ndipo tukaona haya, na kwa kuwa tuliona haya tukataka kuongoza. Mikono yetu haijashika hata ndoo moja, tukachapa karatasi mia tano, zimeandikwa kwa herufi kubwa kabisa: TUNG'OE MFUMO WOTE.

Binti yangu ameshaelewa, naona anauma midomo. Kwetu sisi mfumo ulikuwa mfumo wa kibepari. Kwa mama yenu mfumo ulikuwa mmoja, mfumo wa maji. Ndivyo fundi mkuu alivyowaambia walipomaliza kufukia mtaro, huu ndio mfumo wenu, utunzeni. Wakaisoma karatasi yetu, wakatazamana, wakasema, "Hawa wanataka kung'oa mabomba yetu." Kufika adhuhuri nusu yao walikuwa wameondoka barabarani, wamekwenda kukaa juu ya mtaro kuyalinda mabomba, kuyalinda dhidi yetu sisi, na malori yakapita pale palipobaki wazi. Msemaji wa kampuni alisimama juu ya lori la kwanza akaisoma karatasi yetu kwa kipaza sauti, neno kwa neno, hakuongeza kitu. Angeongeza nini? Kufuli lilikaa miaka minne. Mama yenu akawa anateka maji ng'ambo ya reli, na ile mimba mliyoambiwa iliharibika tu, iliharibika njiani, ndoo ikiwa kichwani.

Nipeni dakika.

Jioni ile ya karatasi mama yenu aliniuliza, nani ameandika upuuzi huu? Nikamwambia, Nukta. Mnamjua, yule mzee wa nyuma ya shule. Ndiye aliyekuwa akipanga herufi pale karakanani, tukamwita hivyo kwa sababu hakukubali sentensi itoke mkononi mwake bila nukta. Nukta hakuandika. Niliandika mimi. Nukta alishika ile karatasi yangu ya mkono akaniambia, "Kaka, neno hili watu watalisikia vingine. Andika kufuli, au andika ubepari wenyewe kwa jina lake." Nikamjibu yeye apange herufi, kufikiri aniachie mimi. Wanawake wa mtaa wakaacha kumsalimia, akatoka kikundini, akahama, na hajanitaja hata siku moja mbele ya mtu. Amenisitiri. Mama yenu amekufa akimgeuzia uso mtu asiye na kosa, na mimi nikimtazama, nimenyamaza. Hilo linaniuma kuliko kifua.

Sasa wewe, mwalimu. Vuta hiyo karatasi chini ya mto, ile uliyoniletea jana niipitie, mnayotaka kuigawa leo pale getini. Nimeisoma na miwani, nimeisoma bila miwani. Msomee dada yako kichwa chake. Husomi? Nitakisoma mimi: SOKO LIFE. Najua unamaanisha nini, utawala wa soko, kila kitu kufanywa bidhaa, umeeleza vizuri kuliko nilivyoweza mimi umri wako. Lakini unakwenda kuwagawia nani, baba? Watu waliokaa kwenye mavumbi siku tatu ili soko lisife. Hivi huko kwenye kusoma mnasoma nini? Nimekaa nikidhani kosa langu litakufa na mimi, kumbe umelirithi kabla hata sijafumba macho.

Na wewe binti usitabasamu. Mama zenu walipofunguliwa bomba walipiga vigelegele wakaenda kulala. Baadaye kampuni ikachukua uwanja wa mtaa, nanyi mkasema uwanja si bomba. Leo iko sokoni kwenu, na mtu akikwambia kufuli zote hizi zina mwenyewe mmoja, unamwambia asilete siasa. Ndugu yako anajua jambo ambalo hujui, ila hajui kulisema, na wewe hutaki kulisikia, na katikati yenu tingatinga linapita. Mmenichosha.

Basi shikeni hili. Mashine ni ya kamati ya soko. Ufunguo wa karakana anakaa nao binti, mkono wa kuiendesha ni wa mwalimu, na Nukta akikubali kurudi ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya kila neno. Isitoke karatasi kabla haijasomwa kwa sauti pale getini, waliokaa hapo wakaikubali. Mwalimu, nenda ukakae chini. Shika zamu, teka maji, fagia. Wakikuuliza unaonaje, sema yote, usiwapunguzie ubepari ukidhani hawatauelewa. Wanalala nao, wanaamka nao. Ila waulize kwanza wao wanauitaje. Na wewe binti, akisema, mwache amalize, hata watu wakipiga miayo.

Karatasi ya kwanza iwe yangu. Iandikeni, aliyeandika Tung'oe Mfumo ni fundi chapa wa kona, si Nukta. Jina langu kamili. Mpelekeeni Nukta ya kwanza, mumwombe... mumwombe aweke nukta mwenyewe.

Hapana, sitaki maji. Nishike mkono tu. Nyote wawili.

Nikienda leo, au kesho, msiwatoe watu getini waje kunizika. Nawajua wale wa kampuni, wataisubiri saa hiyohiyo. Wanizike wanne, watano... wanatosha, mimi si mzito tena. Wengine wakae palepale. Radhi zangu mnazo, sijamzidishia mmoja. Mungu awape... awape kusikilizana, kingine mtakitafuta wenyewe.

Saa ngapi sasa? Wale wa getini wako na nani huko?

Haya. Mbona bado mmekaa?