Sista Sikio Anaiaga Wodi ya Vidonda

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Sista Sikio anastaafu. Amekaa wodi ya vidonda miaka thelathini na mmoja, na mimi, mfagiaji wa wodi hiyo, nimekaa naye kumi na tisa. Nimeambiwa niandike kwa sababu ndimi niliyeanza kulia mapema kuliko wote. Makosa ya kalamu mnisamehe.

Alianza na beseni, maji ya chumvi na bandeji. Ilipoletwa mashine ya kuvuta usaha, wengine waliizunguka kwa mbali kana kwamba ni nyoka. Yeye alikata sponji kwa kipimo cha kidonda, akaiweka humo, akafunika kwa plastiki ya kunata, akaunganisha mrija, mashine ikavuta. Lakini pakibaki tundu dogo tu, hewa inapenya, mashine inapiga kelele na haivuti kitu. Hapo Sista huinama, akatega sikio kwenye mguu wa mtu, na wodi nzima inaamriwa isipumue. Feni huzimwa. Daktari mkuu alishavuliwa viatu kwa kuwa vinalia; soksi ikaonekana imetoboka, akakaguliwa kidole papo hapo. Siku moja tundu lilitafutwa nusu saa, kumbe kinachopiga mluzi ni pua ya daktari.

Chekeni, lakini mwaka juzi mguu uliokuwa kitandani ni wa mwanangu, fundi cherehani. Sukari ilikuwa imemla unyayo, mwenyewe hasikii maumivu, hana habari. Chini ya goti walishachora kwa kalamu pa kukata. Tena mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani. Nilifagia sehemu moja mpaka nikaambiwa sakafu itatoboka.

Sista aliomba siku tano. Daktari akakubali, ila homa ikipanda anakata. Wakatoa nyama iliyokufa, wakampa dawa za sindano, mashine ikafungwa. Siku ya tatu ikapiga kelele. Tukabana pumzi wote, mimi na fagio langu. Sista akatega sikio, akatega tena, akabonyeza plastiki katikati ya vidole, mashine ikanyamaza, ikaanza kuvuta.

"Haya mama," akaniambia, "sasa pumua."

Vidole viwili vilikwenda. Mguu ulibaki. Siku hizi anakanyaga cherehani tangu alfajiri, majirani wanalalamika. Waache walalamike.

Asante, dada yangu. Tunakuombea afya, usingizi wa kushiba na wajukuu wenye adabu. Na mgeni akija kwako, mkaribishe kwanza akae, ndipo umvue viatu.