Dk. Apolonia Mayala, Aliyesomea Kuvunjwa kwa Protini za Ubongo

Baba Paroko, mwenyekiti wa mtaa wetu, wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliotoka Mhunze, Mwanza na hapa Kalangalala, mimi naitwa Nelly Deusdedit, marehemu ni shangazi yangu, dada yake baba, na ukoo umenikabidhi karatasi hii niisome kwa sababu mtakayoielewa mbele kidogo.

Dk. Apolonia Mayala Masalu alizaliwa tarehe 3 Juni 1966 huko Mhunze, wilayani Kishapu, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Mayala Masalu, mkulima wa pamba na mfugaji, na marehemu Bibi Martina. Alianza darasa la kwanza mwaka 1974, akiwa amechelewa mwaka mmoja kwa kuwa ng'ombe walikuwa wengi na wachungaji wachache, akamaliza la saba mwaka 1980 akiwa msichana pekee wa darasa lake aliyechaguliwa kwenda sekondari, akamaliza kidato cha sita mwaka 1987, na mwaka 1991 akapata shahada ya sayansi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka huohuo aliajiriwa kufundisha kemia na baiolojia mjini Shinyanga, na tarehe 19 Juni 1993 alifunga ndoa na Bwana Wiliam Mwita, fundi wa mitambo ya migodini, wakajaliwa watoto wawili, Eustace, aliyezaliwa mwaka 1994, na Martina, aliyezaliwa mwaka 1998. Mwaka 1999 alipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu nchini Sweden, Martina akiwa bado mdogo sana, na shangazi alikuwa akisema wazi kwamba miezi ile ya kwanza alilia kila Jumapili, lakini mume wake alimwandikia, "Mama Eustace, soma umalize, watoto wanakula na wanakua," naye akasoma akamaliza mwaka 2003.

Huko ndiko alikosomea jambo lililomshughulisha maisha yake yote, na alitueleza sisi nyumbani kwa maneno mepesi, kwamba ubongo hupeleka ujumbe kwa kutumia kemikali, mojawapo ikiitwa dopamini, kwamba dopamini hutengenezwa kwa kazi ya kimeng'enya, ambacho ni protini, na kwamba kimeng'enya hicho hakikai siku zote, seli hukiwekea alama, hukipeleka mahali pa kuvunjwa, kisha hutengeneza kingine. Watu wakimwuliza kwa nini mwili uharibu kitu chake wenyewe, alijibu kwamba kuvunja ni sehemu ya kupima, kikivunjwa polepole mno ujumbe unazidi, kikivunjwa upesi mno ujumbe unapungua, na mtu anashindwa hata kunyanyua mguu.

Aliporudi alifundisha katika chuo kimoja cha afya mjini Mwanza, akija hapa Kalangalala kwa mume na watoto wake kila mwisho wa wiki, na hapo ndipo maisha yake yalipokutana na yangu. Mimi nilizaliwa mwaka 2004 kijijini, nje kidogo ya mji huu, baba yangu akifanya kazi ya uchimbaji kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na nilipofika miaka sita mguu wangu wa kushoto ulianza kujipinda, kisha wa kulia, vipimo vya kawaida havikuonyesha kitu, na mganga mmoja akamwambia baba kwamba nimerogwa na jirani yetu, Bibi Sesilia, mjane aliyekuwa akiishi peke yake. Nalisema hili kwa ruhusa ya baba, aliye hapa mbele yenu. Mbuzi wa bibi huyo walikatwa miguu, yeye akakimbilia kwa binti yake, na vijana wawili walikwisha kupatana siku ya kumfuata huko.

Shangazi alifika tarehe 17 Desemba 2011, na baba alipomwambia, "Dada, jambo hili waachie wanaume," hakubishana, aliomba siku tatu tu, akakaa uani na daftari akiandika saa na jinsi ninavyotembea. Siku ya pili alimwuliza mama, "Wifi, akiamka anakuwaje?" naye mama akajibu, "Asubuhi anakimbiza kuku, saa tisa alasiri anatambaa." Shangazi alifunga daftari, akamwita baba na vijana wale wawili, akawaambia, "Hakuna mchawi anayekwenda kwa saa, huyu mtoto kitu fulani kinamwishia mchana na kinajazwa akilala, na mimi nimekisomea kitu hicho."

Hakunipa dawa, maana hakuwa tabibu, ila alinipeleka Mwanza kwa daktari wa mishipa ya fahamu, akaomba nijaribiwe dawa inayogeuka kuwa dopamini ubongoni, na daktari alisita, akasema, "Dawa hii ni ya wazee wanaotetemeka, huyu ana miaka saba," shangazi akamjibu, "Tuanze na robo ya kidonge, daktari, mimi sitoki hapa." Siku ya nne ya dawa, saa kumi alasiri, nilitembea kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, na mama alipiga kelele hadi wauguzi wakaja mbio. Damu yangu ilipelekwa nje ya nchi, na mwaka 2013 jibu lilikuja kwamba nilirithi kasoro ndogo kwa baba na kwa mama, kimeng'enya changu kinatengenezwa kikiwa dhaifu, na mwili unakivunja kabla hakijafanya kazi ya kutosha.

Hata hivyo shangazi hakukubali tufanye sherehe, alimwambia baba, "Kaka, umekosea mtu, nenda ukamrudishe kwake," na baba alikwenda na vijana wale wawili, wakapiga magoti, wakamjengea upya nyumba na zizi, na Bibi Sesilia aliishi humo hadi alipofariki kwa uzee mwaka 2019.

Mwezi Aprili 2023 shangazi aligundulika kuwa na saratani ya uboho wa mifupa, na dawa aliyochomwa ilikuwa ya kuzuia seli za saratani zisivunje protini zao, hivyo zikajaa takataka na kufa, na alicheka akamwambia daktari, "Miaka ishirini nimefundisha mtambo huu, leo ndio nauona kazini." Dawa ilimtia ganzi miguuni lakini ilimpa miaka miwili, akaendelea kufundisha akiwa ameketi, hadi ugonjwa uliporudi mwezi Julai mwaka huu, akafariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Kalangalala mliopika na kuteka maji tangu siku ya kwanza, wachimbaji mliochimba kaburi, na wenzake wa chuoni, kwa namna ya pekee Mwalimu Nuruddin, aliyeombwa na shangazi kitandani amalizie kusahihisha mitihani arobaini na miwili iliyobaki, na jana amemaliza, matokeo yamebandikwa, wanafunzi wote wamefaulu isipokuwa wawili, na hao wawili, ambao karatasi zao alizisahihisha mwenyewe, shangazi alikwisha kuwaandikia barua.

Shangazi, kazi yako imekamilika, lala sasa, Mungu akupe amani.