Shukri Badawi na Majibu ya Maji ya Kisimani

Tarehe 31 Desemba 1998, Bwana Shukri Badawi atastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya mawakili kwa miaka ishirini na tisa. Kazi yake ilikuwa kupeleka samansi za mahakama, kazi isiyopendwa na mtu: ukibisha hodi tu, mwenye nyumba kasafiri ghafla.

Alianza na baiskeli, Kilindini hadi Tononoka. Ofisi ilipomnunulia pikipiki aliikataa, akidai kelele zake zinawatorosha washtakiwa. Na salamu zake, jamani! Atakuuliza hali yako, ya mama, ya watoto, mpaka ya jirani aliyelazwa. Wakili Kioko, mkuu wetu, alilalamika weee, Mzee Shukri hakubadilika hata chembe.

Kwa ulimi huo, watu wa Mji wa Kale walimtuma kualika harusi zao. Kwao kadi peke yake haitoshi. Lazima mtu avae kanzu, aje mlangoni, akualike kwa mdomo.

Mwaka 1994 watoto wa mtaani kwake walianza kuharisha. Wataalamu wa idara moja ya umma walikuja, wakachota maji ya kisima wakayapime, kisha kimya. Wajukuu wawili wa jirani yake, Bi Kache, wakalazwa. Mmoja hakurudi nyumbani. Wakazi walipokwenda kuuliza majibu, waliambiwa ni siri ya serikali. Siri! Maji wayanywe wao, majibu wasiyajue. Mifereji ilikuwa mikavu na Bi Kache hakuwa na pengine pa kuchota. Akaja kwetu, na Wakili Kioko akafungua kesi ya kuilazimisha idara iseme.

Hapo mkuu wa idara akawa hapatikani. Mara yuko mkutanoni, mara yuko Nairobi, na gari lake liko pale pale nje. Ijumaa moja, Mzee Shukri alitoka msikitini akapitia ofisini kwao na kanzu yake nyeupe na bahasha mkononi. Hakusema amekuja kualika, na hakuna aliyemuuliza. Makarani walipoiona kanzu wakamkimbilia bosi wao. Mkubwa akatoka mwenyewe, akaitikia salamu zote, akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akauliza biriani ni lini. Mzee Shukri akamjibu kwa adabu kwamba ni Alhamisi, saa tatu asubuhi, Mahakama Kuu.

Idara ilijitetea kwamba majibu yangetia watu hofu. Jaji akaamuru yatolewe. Maji yalikuwa na uchafu wa choo, na idara ilijua hayo kabla mjukuu wa Bi Kache hajafariki. Tulilia pale mahakamani, hatuoni haya kusema. Mzee Shukri hakungoja hata chai. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wasiyanywe tena maji yale. Kisima kikafungwa, mfereji ukavutwa hadi mtaani, na tangu hapo maji hayajamuua mtoto pale. Tunajivunia kufanya kazi na mtu huyu.

Mzee wetu, ahsante sana. Mungu akupe afya, umri mrefu na usingizi wa mchana usiokatizwa na mawakili. Zawadi yako leo utakabidhiwa na Kadzo wa darasa la tatu, yule mjukuu wa Bi Kache aliyepona.