Dakika Ishirini

"Haraka haraka ina baraka, mradi kifuniko kimekazwa," fundi cherehani alimwambia muuguzi aliyeketi naye mbele yangu basini. Mapajani fundi alikumbatia sufuria ya presha kama mtoto mwenye homa.

Wiki mbili nyuma, mama mkwe wake alikula kwake mabakuli matatu ya supu ya njegere kavu iliyopikwa na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, mfupa wake ndani, kisha akawatangazia wageni kwamba supu tamu namna ile lazima imekaa motoni nusu siku.

"Nikasema, 'Mama, ni dakika ishirini tu.' Wageni wakacheka. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu."

"Mwombe radhi, mwenzangu. Ulimi hauna mfupa."

"Supu yangu inao, na ndiyo hii nampelekea."

"Si ndiko kuomba radhi huko!"

Hapo nilimpa muuguzi ushindi, ingawa hakuna aliyeniuliza. Basi likasimama. Fundi akainuka na sufuria yake.

"Nampelekea kwa sababu anaipenda, dada. Radhi siombi, na dakika ni zile zile ishirini."